Saa kongwe ya mbizi: Seiko 6309, Amphibia au Doxa?

Mshale_Mrefu
Wakuu, natafuta saa yangu ya kwanza kongwe yenye bezeli (pete inayozunguka kioo) ya kuzungushwa, iliyotengenezwa kwa kazi na si kwa pambo. Nimebaki na tatu: Seiko 6309-7040, Vostok Amphibia ya enzi za Kisovieti, na Doxa Sub 300T ya rangi ya chungwa, ambayo itanikausha mfukoni. Nitaivaa ila sitaingia nayo majini. Mngechukua ipi?

FundiBubu
Seiko, lakini uwe macho. 6309-7040 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988 na zimejaa sokoni, shida ni kwamba spea mpya za kuigiza nazo zimejaa. Unakuta kasha tu ndilo la kale. Uso, mishale na bezeli ni vya juzi. Geuza mgongo usome namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Ikianza na 82 ni Februari ya 1978 au ya 1988, muongo utaujua kwa ishara nyingine. Halafu soma maandishi madogo kabisa chini ya uso, pale kwenye 6. Yasipotaja 6309, uso huo umetoka kwingine.

Na usishtuke ukikuta haijazwi ufunguo kwa mkono. Mashine yake ndivyo ilivyo, itikise iamke.

Pezi
FundiBubu unampeleka mwenzio porini. Achukue Amphibia. Ilianza 1967 kule Chistopol, Urusi, na ukiifungua unaona watu walivyofikiri: mfuniko wa nyuma ni kisahani kinachokaa juu ya mpira mpana, kisha pete yenye nyuzi inakibana. Maji yakizidi kusukuma, mpira nao unazidi kubanwa. Kioo cha plastiki nene vilevile. Ufunguo, kile kitufe cha pembeni, ukiufungua unalegea na kuyumba kama jino la mtoto, wengi hudhani umevunjika. Ni makusudi, ili pigo la nje lisifike kwenye mashine.

Bezeli yake haina mlio, inateleza tu kwenye waya.

Mshale_Mrefu
Kwa hiyo inaweza kuteleza yenyewe?

Pezi
Ndiyo. Si unasema huzamii?

Kina_Kirefu
Hapo pana jambo la kuelezwa. Mpiga mbizi anaweka alama ya pembetatu mbele ya mshale wa dakika anapoanza kuzama, kisha anasoma muda aliotumia kwenye bezeli. Ikigongwa ikasogea upande mbaya, itamwambia ametumia dakika 10 kumbe 20. Ndiyo maana Blancpain Fifty Fathoms ya 1953 iliwekewa kizuizi, huwezi kuizungusha mpaka uibonyeze kwanza. Bezeli za kwenda upande mmoja zinatokana na hofu hiyohiyo: zikisogea kwa bahati mbaya, zinakuharakisha kupanda.

Kwa upande wa bezeli, Doxa haina mpinzani hapa. Doxa Sub za kwanza zilitoka 1967, na bezeli yake ina duara mbili, ya ndani dakika, ya nje kina, kukuonyesha muda unaoweza kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani ukipanda. Futi 60, dakika 60. Futi 100, dakika 25 tu. Ni jedwali la Jeshi la Majini la Marekani limehamishiwa mkononi. Tena imechongwa kwenye chuma, haipauki kama zile za alumini.

Mtunzaji
Kupauka ndiko wengine tunakokulipia, ndugu yangu! Bezeli nyeusi iliyogeuka kijivu cha majivu kwa jua la miaka 40, huwezi kuiagiza kiwandani.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nilimpelekea fundi saa yangu abadilishe mpira wa kuziba maji, basi. Ikarudi inameta, kingo za kasha zimelainika kama sabuni iliyotumika, na bezeli mpya ambayo sikuiomba. Ya zamani alishaitupa. Ukienda kwa fundi, andika kwenye karatasi: usisugue, na kila kilichotolewa nirudishiwe.

FundiBubu
Kweli kabisa. Na tochi ya UV usiache nyumbani, ya kupima rangi inayong'aa gizani. Tritiamu, kiini cha mionzi kilichoiwasha rangi hiyo, nusu yake huisha kila miaka 12 na kidogo, kwa hiyo baada ya miaka 50 imebaki kama sehemu moja ya 16. Rangi ya saa ya 1970 ikiendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya kuzima tochi, imepakwa upya. Mishale na uso viwe na rangi inayoendana. Nyingi za kabla ya miaka ya 60 zina radiamu, nayo ya mionzi, hiyo haiishi leo wala kesho. Rangi ikiwa inapukutika, usiifungue mwenyewe.

Mshale_Mrefu
Nimewaelewa. Kuna Doxa nimeipata, bezeli safi, uso haujaguswa kwa picha alizonitumia. Nimemwomba muuzaji picha ya mashine, amesema mfuniko haufunguki na nisimsumbue, kuna wengine wanaitaka.

Mtunzaji
Waachie hao wengine.

Pezi
Amphibia bado ipo, nasema tu.