Mchoro wa saveya unaingia Revit ukiwa milimita 30, na QGIS inaupeleka kwa jirani

mchoraji_mukono
Habari za kazi wakuu. Nina DWG (faili ya mchoro wa AutoCAD) ya saveya, kiwanja cha futi 50 kwa 100 huku Mukono. Kwenye AutoCAD upande mrefu unasoma 30.47. Nikiunganisha faili hiyohiyo kwenye Revit, programu ya kuchora majengo, upande huo unakuwa milimita 30. Halafu nikiiweka juu ya picha ya setilaiti kwenye QGIS, programu ya ramani, kwa EPSG:32636 (msimbo wa gridi ya UTM ukanda wa 36 kaskazini, mfumo wa WGS 84), kiwanja kinaangukia mtaa mwingine kabisa, upande wa kaskazini. Saveya anaapa kwamba faili yake ni safi. Nianzie wapi?

kipimio
Saveya hajadanganya. Amechora kwa mita, ila faili imebandikwa lebo ya milimita. Andika INSUNITS, mpangilio wa kipimo cha faili, kwenye AutoCAD: nadhani utakuta 4, ambayo ni milimita, kwa sababu kiolezo cha acadiso ndivyo kinavyokuja. Mita ni 6, futi ni 2, inchi ni 1, na 0 maana yake hakuna kipimo kilichotajwa. Revit ikiachwa kwenye "Auto-Detect" inaamini lebo, haiangalii mchoro.

Weka INSUNITS iwe 6, hifadhi, kisha unganisha upya na uchague mita kwa mkono. Kubadili INSUNITS hakukuzi wala hakupunguzi mistari iliyokwisha kuchorwa, kwa hiyo usiogope.

Kiwanja cha 50 kwa 100 ni rula nzuri kuliko zote. Pima upande mrefu: ukisoma 100 mchoro uko kwa futi, 1200 ni inchi, 30480 ni milimita, 30.48 ni mita. Ukikuta namba isiyo hata moja ya hizi, igawe kwa 30.48. Jibu likiwa 25.4, kuna mtu alisoma milimita kama inchi. Likiwa 0.3048, ni mita zimesomwa kama futi.

Hiyo 30.47 yako isikusumbue. Ni skeli ya UTM, ile gridi ya ramani inayohesabu kwa mita: Mukono inakaribia 0.9996, basi mita 30.48 za ardhini zinapungua kama milimita 12 kwenye gridi. Usiivute mistari ili ifike 30.48, utaharibu pembe za saveya.

mchoraji_mukono
Asante sana, ukubwa umekaa sawa. Lakini sasa Revit inalalamika kwamba mchoro uko mbali mno, na mistari inatetemeka nikisogea karibu.

kipimio
Ndiyo, kosa la kwanza lilikuwa linalificha la pili. Kwa milimita, kiwanja kilikuwa mita 470 tu kutoka 0,0. Kwa mita kiko kilomita 470, na Revit inachoka mapema sana kabla ya hapo. Kutetemeka kunatokana na namba za biti 32 zinazotumika kuonyesha picha: kwenye easting (E, kodineti ya mashariki) ya 472,000 hatua ndogo kabisa ni sentimita 3. Kona mbili zilizo karibu kuliko hapo zinarukiana.

Fanya hivi kwenye nakala, siyo faili ya saveya. Andika UCS, kisha World, ili kodineti zisomwe kwa mfumo wa msingi wa faili. Chagua jiwe moja la mpaka, nakili E na N (northing, kodineti ya kaskazini) zake kwa desimali tatu. Tumia MOVE kwa vitu vyote, leya zilizofungwa na zilizozimwa zikiwemo, kutoka jiwe hilo hadi 0,0. Halafu ZOOM Extents: kiwanja kikigeuka nukta, kuna maandishi au bloku iliyosahaulika mbali. Ifute, maana kitu kimoja tu kinatosha kurudisha lile onyo.

Revit, unganisha kwa "Auto - Internal Origin to Internal Origin". Kisha "Specify Coordinates at Point", bofya lile jiwe, ingiza N na E ulizonakili. Ukirudisha DWG kwa saveya, chagua "Shared" na mita kwenye mipangilio ya kutoa faili. Ukiacha "Project Internal" atapata kiwanja kilicholala 0,0 na atakupigia simu.

ramani36
Hilo la QGIS ni jambo jingine, AutoCAD haihusiki. Muulize saveya kama kodineti ni za Arc 1960, mfumo wa zamani wa kodineti wa Afrika Mashariki. Michoro mingi ya mipaka Uganda ingali huko, pamoja na ramani za 1:50,000. Namba za Arc 1960 ukizisoma kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, kiwanja kinahama kama mita 300 kaskazini na 80 magharibi. Ndiyo dalili yako hiyo.

Ipe leya EPSG:21096, yaani Arc 1960 ukanda wa 36 kaskazini, usiiburuze kwa mkono. QGIS itaisogeza yenyewe juu ya setilaiti. Ukitaka faili mpya ya WGS 84, ihamishe kwenda 32636. Ila kigezo cha kawaida cha kuhamisha (-160, -6, -302) ni wastani wa eneo kubwa, kinaweza kukosea mita kadhaa. Kwa kuangalia kiwanja kiko mtaa gani kinatosha. Kwa kusimika mawe hakifai kabisa: hapo saveya apime nukta zinazojulikana katika mifumo yote miwili.

kusini_ya_ikweta
Niongeze kwa wanaofanya kazi Masaka au Mbarara. Huko ni 21036 (Arc) au 32736 (WGS), na northing inaanza na 9,9… kwa sababu ya ile milioni 10 inayoongezwa. Ukiona northing hasi, mtu ametumia ukanda wa kaskazini kusini ya ikweta, ongeza 10,000,000. Kisoro mmevuka nyuzi 30, ninyi ni ukanda wa 35, kwa hiyo 21035. Na kwa namba za milioni 9 ile hatua ya biti 32 inafika mita nzima, kwa hiyo msijaribu hata kidogo kuunganisha bila kuhamishia 0,0.

mchoraji_mukono
Ni Arc 1960 kweli, saveya amethibitisha. Nimeweka 21096 na kiwanja kimetua kwenye ua wake. Mbarikiwe.