Ushauri: kutoa springi na kuweka baluni za hewa kwenye Benz W123

Wa_Tanga
Wakuu, habari za majukumu. Nina Benz 240D ya 1981, W123. Injini nzima, rangi bado ya kiwandani. Nataka gari lilale chini likiwa limepaki, halafu linyanyuke nikifika kwenye matuta. Kukata springi sitaki, kwa sababu barabara ya mtaani kwetu ni mawe matupu. Fundi niliyempata anasema atatoa springi zote nne, achomelee vikombe vipya vya kukalia baluni na kufunga baluni za basi za mtumba. Mbele atatoa na stebilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha kushoto na kulia) ili baluni ipate nafasi. Bei yake nafuu, ila roho inasita. Walioshika kazi hizi, naombeni mwongozo kabla gari halijaguswa.

FundiChuma
Mkuu, stebilaiza isitoke. Kwenye magari mengi kazi yake ni kupunguza kulala kwenye kona tu, ukiitoa gari bado linatembea. W123 ni tofauti: amu ya juu (amu ni chuma kinachounganisha tairi na bodi) ni mkono mmoja, na ncha ya stebilaiza ndiyo inayoushikilia usiende mbele na nyuma. Itoe hiyo uone, sehemu ya juu ya tairi haina kinachoishika, na breki ya ghafla hutaitamani.

Baluni za basi nazo achana nazo. Zimetengenezwa kubeba tani, kwa gari la kilo 1,400 hivi utazijaza upepo kidogo mno na gari litakuwa gumu kama mkokoteni. Za kabini ya lori ni dhaifu upande wa pili. Hesabu inaanzia kwenye uzito wa kila kona. Tuseme tairi linabeba kilo 350. Baluni haikai kwenye tairi, inakaa kwenye amu, ndani zaidi. Ikikaa katikati ya amu inabeba karibu mara mbili, yaani kilo 700. Ukitaka kutembelea presha ya baa 5 (kama psi 72), unahitaji eneo la sentimita za mraba 140, ambalo ni duara la kipenyo cha sentimita 13 na kidogo. Na hicho ni kipenyo kinachofanya kazi. Kwa nje baluni huwa nene zaidi, kwa hiyo pima nafasi kabla hujalipa hata shilingi.

Dada_Waya
Naongezea upande wa umeme na upepo, maana watu wanaupuuza. Kompresa (pampu ya upepo) ya volti 12 inakula ampea 20 hadi 30, na altaneta za hizo Benz nyingi ni ampea 55. Usiunganishe kwenye waya wa redio. Vuta waya mnene kutoka betri, fyuzi ikae karibu na betri yenyewe, kompresa iwashwe kwa rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa), na swichi ya presha iizime tangi la upepo likijaa.

Kila tairi liwe na valvu yake. Ukiunganisha kushoto na kulia kwa bomba moja, kwenye kona upepo unakimbia kutoka baluni iliyolemewa kwenda ya pili, gari linalala upande mzima. Halafu wewe uko Tanga, unyevu wa pwani unaujua. Hewa ikibanwa inatoa maji, yanatuama kwenye tangi na kuozesha valvu. Weka kichujio cha maji na koki chini ya tangi, uifungue mara kwa mara.

Mombasa_Diesel
Ndugu yangu, mimi ningeliacha gari kama lilivyo. Mercedes wenyewe waliweka hewa kwenye 600 ya mwaka 1963, na leo anayemiliki moja anajua gharama ya kuitunza. W123 nyingi zilitoka na springi za kawaida, na hizo ndizo zimezifikisha hapa. Lakini kama moyo umeshaamua, basi kila kitu kifungwe kwa bolti. Springi zako zipake grisi uziweke ndani. Kesho ukitaka kurudi, urudi.

Wa_Tanga
Asanteni sana. Kulala chini nalitaka kweli, Mombasa, nimeliwaza muda mrefu. Ila la bolti nimelikubali. Stebilaiza haiguswi. FundiChuma, je nyuma?

FundiChuma
Nyuma ndiko penye kazi. Amu za nyuma za gari hili zimekaa mshazari, kwa hiyo likishuka matairi yanaingia ndani kwa juu. Kupaki hivyo hakuna neno. Ukitembea hivyo tairi linaliwa upande wa ndani, na joint za ekseli zinafanya kazi kwa pembe mbaya. Chagua kimo kimoja cha kutembelea, kisiachane sana na cha kiwandani, na alaimenti ipigwe kwenye kimo hicho.

Stopa za mpira, zinazozuia amu isigonge bodi, zibaki, baluni isije ikawa ndiyo stopa. Shokapu ziwe na urefu unaozuia amu kushuka kupita uwezo wa baluni, la sivyo siku ukipiga jeki utaing'oa. Mpira wa baluni usiguse chuma popote, juu wala chini. Angalia pia kama mipira ya breki inafika amu ikiwa imeshuka kabisa.

Na yule fundi akitaka kuchomelea nyuma, akumbuke tangi la mafuta la gari hili liko nyuma ya siti, juu ya ekseli. Litoke nje kwanza.

Kabla ya yote toa springi moja ya nyuma, kwangua kikombe cha juu kwa brashi ya waya. Chuma kikiwa na kutu ya kutoboka, hewa isubiri, tutengeneze bodi. Kikiwa kizima, nipe vipimo: upana wa kikombe, na umbali kutoka kikombe hadi amu gari likiwa chini kabisa, kwenye kimo cha kawaida, na juu kabisa. Tuma na picha.