Lupus kwenye ngozi nyeusi: la kumwambia GP (daktari wa familia)

Salaam ndugu zangu,

Kwa aliyeuliza kuhusu vipele vya usoni: picha nyingi za lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, zinaonyesha mashavu mekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta zambarau au hudhurungi iliyokolea juu ya pua na mashavu yote mawili, ambayo kwa kawaida haiingii kwenye mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Jua huzidisha. Aina nyingine huleta mabaka ya duara yenye magamba masikioni na kichwani; katikati hupauka, kovu likishika nywele hazioti tena. Watu huyadhania mapunye, wakapaka dawa ya fangasi miezi na miezi huku kovu likikua.

Mtajie GP pia: vidole vya mikono yote miwili vinavyokakamaa asubuhi, vidonda visivyouma kwenye kaakaa, maumivu ya kifua ukivuta pumzi, uchovu usioisha kwa usingizi, mimba zilizoharibika.

Muuguzi, Leicester

---

Asante dada. Mimi nasisitiza figo, kwa sababu lupus huweza kuzishambulia nazo haziumi. Mkojo wenye povu lisilotoweka, kope kuvimba asubuhi, vifundo vya miguu kuvimba jioni: hayo huja wakati zimeshadhurika. Kwa hiyo omba mkojo upimwe protini na damu hata kama huna dalili yoyote, na presha ipimwe siku hiyo hiyo. Damu: hesabu kamili ya chembe za damu, kreatinini (huonyesha figo zinavyofanya kazi) na ANA (kingamwili zinazolenga seli za mwili wenyewe). ANA ikiwa chanya peke yake si lupus, wapo wazima wengi wanayo. Hufuata vipimo vya damu vya dsDNA (kingamwili nyingine) na C3, C4 (protini za kinga), kisha rufaa kwa daktari wa baridi yabisi.

Mfamasia, Reading

---

Nyongeza. Homa baada ya kurudi Uingereza kutoka nyumbani, iwe Kigoma au Mombasa, ipimwe malaria kwanza, siku hiyo hiyo. Lupus nayo huleta homa, lakini malaria haisubiri.

Vipele huja na kuondoka, na miadi huenda ikawa wiki tatu mbele. Vipigeni picha kwenye mwanga wa dirishani, bila filta, tarehe ionekane. Mama asiyejua Kiingereza aombe mkalimani wakati wa kuweka miadi, NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) hailipishi. Msimtumie mtoto kutafsiri, maana habari ya mimba mama hataitaja mbele yake.

Mkalimani wa hospitali, Birmingham