Msaada: Outlook inagoma baada ya sanduku la barua pepe la mhasibu kuundwa upya

Mdau wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, naangalia kompyuta za ofisi moja ya maghala ya korosho. Mhasibu wetu alikwenda likizo ya uzazi, huku nyuma makao makuu Dar wakamhesabu kaacha kazi, akaunti ikafutwa. Karudi, wamemtengenezea nyingine, jina lile lile, anwani ile ile. Tunatumia Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft.

Sasa kwenye laptopu yake Outlook inakataa kufungua folda, mara inadai faili la data ni la zamani. Akiingia kwa kivinjari anasoma na kutuma bila shida. La pili, wenzetu wa Masasi na Newala wakijibu barua zake za zamani, zinawarudia na mstari mrefu unaoanza na IMCEAEX. Wanunuzi wa nje wanampata vizuri tu. Msimu ndio huu, malipo ya wakulima yanapita kwake. Nawasilisha.

Kifuu
Piga Windows upya mkuu, usijitese.

FundiSeva
Kifuu acha kumpoteza mwenzio. Kivinjari kinafanya kazi, maana yake seva ni nzima na Windows haina kosa.

Mdau, anwani ni ile ile lakini kwa seva hilo ni sanduku jingine kabisa, lina utambulisho wake. Laptopu bado ina faili la OST, yaani nakala ya barua inayokaa kwenye kompyuta, lililofungwa kwa sanduku lililofutwa, ndiyo maana vinagombana. Nenda Control Panel, fungua Mail, tengeneza profaili mpya (mipangilio ya akaunti ndani ya Outlook) na uifanye ndiyo ya kuanzia.

ILA USIFUTE ile profaili ya zamani wala OST yake! Huenda barua za zamani zimebaki humo tu, na OST huwezi kuihamishia kwenye profaili nyingine ukaifungua. Kwanza zima intaneti, fungua Outlook kwa profaili ya zamani, mara nyingi inakubali ikiwa nje ya mtandao, kisha hamisha kila kitu kwenda PST, faili la akiba linalofunguka kwenye profaili yoyote.

Mdau wa Shangani
Imefunguka bila intaneti, PST naitoa sasa hivi. Ahsante sana. Na hizo zinazorudi?

Mwera Halisi
Hizo waambie wenzako wafute jina lake kwenye orodha inayojitokeza wakianza kuandika, ile yenye alama ya X pembeni. Wachague upya.

Bi Mikindani
Mwera, hiyo inasaidia barua mpya tu. Ukijibu barua ya zamani ya mtu wa ndani, Outlook haitumii anwani unayoiona, inatumia ile ya ndani ya Exchange, na hiyo imekufa pamoja na sanduku la kwanza. Utazunguka ofisi ngapi, Masasi, Newala, Tandahimba?

Dawa iko kwa msimamizi wa seva. Chukua huo mstari wa IMCEAEX. Ondoa IMCEAEX- mwanzoni, na kuanzia alama ya @ mpaka mwisho. Kila _ iwe /, +20 iwe nafasi, +28 na +29 ziwe mabano, +2E iwe nukta. Kinachobaki, kinachoanza na /o=, aongeze kwenye sanduku jipya kama anwani ya aina ya X500, ili barua zinazokwenda anwani ile iliyokufa ziingie sanduku jipya. Kama akaunti zenu zinatoka Active Directory ya ofisini (daftari la watumiaji kwenye seva), aongeze huko kwenye proxyAddresses, sehemu ya anwani za mtumiaji.

FundiSeva
Bi Mikindani kamaliza. Nyongeza: kwa kawaida Exchange hutunza sanduku lililofutwa siku 30. Lilifutwa lini?

Mdau wa Shangani
Wiki mbili na ushee.

FundiSeva
Basi wabane Dar leo leo. Wakirudisha yaliyomo kwa amri ya New-MailboxRestoreRequest, waweke na kigezo cha AllowLegacyDNMismatch, la sivyo itakataa kwa kuwa utambulisho haufanani. Na laptopu kama inatumia bando la modemu, punguza muda wa barua za kushusha, weka miezi mitatu, usije ukamaliza bando la ofisi usiku mmoja.

Mdau wa Shangani
Mrejesho. Profaili mpya imekubali. Dar wameongeza X500, Masasi wamejibu barua ya zamani na imefika. Newala bado sijawajaribu. Kurudisha yaliyomo wanasema "tunalishughulikia", mnajua wenyewe maana yake, ila PST ninayo. Simu yake tu ndiyo inaomba nywila kila saa.

Bi Mikindani
Toa akaunti kwenye simu, iweke upya.