Tupeane uzoefu: mtoto wa lugha mbili, nyumbani mnacheza naye nini na mnamsomea nini?

Mama Nuru, Dar es Salaam
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Nyumbani tunaongea Kiswahili, lakini Kiingereza kinaingia kwa kasi kupitia katuni na watoto wa jirani wanaosoma ingilishi midiamu. Sikikatai, atakihitaji, sekondari masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kinachoniumiza ni bibi yake akija kutoka Korogwe, mtoto anamjibu kwa kutikisa kichwa tu. Nataka lugha zote mbili zisimame.

Kinachotusaidia ni mchezo wa kuficha vitu chini ya kanga. Naweka kijiko, limau, ufunguo, viatu vyake. "Kijiko kiko wapi?" Anafunua: "Hiki hapa!" "Limau liko wapi?" "Hili hapa!" Mwanzoni kila kitu kilikuwa "hii hapa". Simkatizi wala simsahihishi, namrudishia tu kwa furaha, "Ehee, ufunguo huu hapa!", tunaendelea. Sasa viatu anasema "hivi hapa" bila kusaidiwa. Nionavyo mimi, ngeli ndizo zinazowaponyoka upesi watoto wanaozama kwenye Kiingereza, na kwa umri huu hazifundishiki kwa maelezo. Zinataka mkono ushike kitu na mdomo ukitaje papo hapo.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Baba Tumaini, Leicester
Asante kwa mada, dada. Mke wangu ni Mwingereza, kila mmoja anaongea na mtoto lugha yake. Huku kuna mpango wa Bookstart, ulianzia Birmingham mwaka 1992, unaogawa vitabu bure kwa familia zenye watoto wachanga. Vyetu ni vya Kiingereza. Mama yake anavisoma vilivyoandikwa. Mimi nachukua kitabu kilekile nasimulia picha kwa Kiswahili. Maandishi siyagusi. Nauliza, "Mbwa huyu anakwenda wapi?" kisha nanyamaza, nampa nafasi. Huko kunyamaza ndiko kugumu kwa sisi wazazi, tunapenda kujibu wenyewe. Mtoto mdogo anahitaji muda kulitafuta neno, hasa katika lugha anayoisikia kwa mtu mmoja tu.

Vitabu vya Kiswahili napata African Storybook, mtandaoni, bila malipo, na unaruhusiwa kuchapa. Nachapa, napiga pini, anavirarua, nachapa tena.

Mwalimu wa awali, Moshi
Baba Tumaini umenena. Niongeze moja, maana wazazi wananijia na hofu: mtoto wa lugha mbili kuchanganya maneno katika sentensi moja ni jambo la kawaida, hajapotea. Na ukitaka kujua ana maneno mangapi, hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja. Lakini akitimiza miaka miwili haunganishi hata maneno mawili katika lugha yoyote, mpelekeni akapimwe masikio na aonwe na mtaalamu wa usemi. Msikubali kuambiwa muache lugha moja. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, na kumnyang'anya lugha ya nyumbani ni kumnyima watu wake.

Bint Mvita, Mombasa
Kwetu nyanyake ni Kimvita kitupu, na babake anamsemesha Kiingereza. Sisi ni vitendawili. Wa miaka mitatu hawezi kutegua fumbo la wakubwa, kwa hivyo namshikisha yai kwanza, alizungushe, alitafute mlango. Halafu kesho yake: "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Anapiga kelele, "Yai!" Nyanyake humtegea hicho hicho kila jioni na mtoto hachoki kabisa. Watoto wanapenda marudio, wala tusiwaharakishe kutaka kipya.

Baba Kulwa, Mwanza
Mimi naendesha bodaboda. Mama watoto anawaongelesha Kisukuma, mimi Kiswahili. Vitabu vya watoto dukani ni bei, hivyo tulikata picha za kalenda za zamani na magazeti, tukagandisha kwenye daftari kubwa kwa uji mzito. Ng'ombe, samaki, meli, sufuria, mwanamke amebeba ndoo. Asubuhi kabla sijawasha pikipiki tunafungua kurasa chache, namwuliza huyu nani, anafanya nini. Jioni mama anafungua daftari hilohilo kwa Kisukuma, na hadithi inakuwa nyingine kabisa. Ninaomba wazazi wenye kipato kidogo wasikate tamaa, picha zipo kila mahali.

Mama Nuru
Baba Kulwa, ubarikiwe, kesho natafuta kalenda. Baba Tumaini, swali: ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiswahili?

Baba Tumaini
Mara nyingi ananijibu kwa Kiingereza, nami naendelea na Kiswahili. Simlazimishi, na sijifanyi sijamwelewa, maana nataka aendelee kunisimulia mambo yake. Kilichomfungua mdomo ni binamu zake wa Tanga, hawajui Kiingereza. Jumamosi tunapiga simu ya video, wanaficha mdoli huko kwao, yeye anaelekeza: "Tafuta chini ya kiti! Nyuma ya mlango!" Simu iwe ya watoto, dada. Wakubwa tukishaingia tunaanza kuuliza habari za mvua na bei ya mchele, mtoto anaondoka.