Insulini inavuja baada ya kuchoma kwa kalamu ya insulini (kifaa cha kujichoma dozi)

Swali: Tone la insulini hubaki kwenye ngozi kila sindano ikitolewa. Dozi iongezwe?

Jibu 1: Hapana, usiongeze! Bonyeza kitufe hadi mwisho, hesabu polepole hadi 10 kidole kikiwa bado kimebonyeza, ndipo uchomoe. Kabla ya kuchoma, funga sindano mpya, ielekeze juu, toa yuniti 2 mpaka tone lionekane. Ukiruka hapo, hewa inaweza kupunguza dozi.

Jibu 2: Papasa pia tumbo pale unapochoma. Penye uvimbe mgumu pasichomwe. Hapo insulini hunyonywa ovyo, sukari ya damu inayumba. Ukihamia penye ngozi laini, pima sukari mara nyingi zaidi na umwulize daktari kuhusu dozi, maana ileile inaweza kuishusha mno. Hili wengi hawaambiwi.

Jibu 3: Na usiache sindano kwenye kalamu. Hewa huingia.