Kumbatiza mtu aliyeshabatizwa kanisa lingine, tunajenga mwili mmoja au tunaandikisha wanachama?

Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike anaolewa Desemba, sisi kwetu Machame ni Walutheri toka enzi za babu, sasa huko kwa mchumba wake (kanisa silitaji) mchungaji kasema matangazo hayasomwi mpaka binti aingie darasani miezi 3 abatizwe kwa maji mengi. Mama kasusa. Anauliza, yule tuliyempeleka kanisani 1998 na gauni jeupe mbuzi akachinjwa, alibatizwa kwa jina la nani?

Mi nachoona haya madhehebu yetu mengi ni ramani ya wamisionari tu. Wale Wajerumani wa misheni ya Leipzig walifika Machame 1893 ndo maana mi Mlutheri, ningezaliwa Kilema ningekuwa Mkatoliki, Suji kule Upareni Msabato, Tukuyu Mmoraviani, na wote tungeapa kwamba sisi ndo tuko sahihi. Sasa mbona tunafutiana ubatizo?

---

Bwana asifiwe mleta mada. Mama mpe pole, ila hakuna anayebatiza UPYA hapo, huwezi kurudia kitu ambacho hakijafanyika. Marko 16:16, aaminiye na kubatizwa, imani inatangulia, kichanga cha miezi 3 kimeamini nini? Naona mnataka tunyamazie tunachokiamini ili harusi isichelewe alafu mnaita umoja. Mi nilinyunyiziwa nikiwa mchanga, nikazamishwa na miaka 24, na ubaridi wa yale maji naukumbuka mpaka leo.

---

Mi Mkatoliki. Mlutheri akija kwetu hatumbatizi tena, maji yalikuwepo na Utatu ulitajwa, basi. Akitaka kubaki kwao kuna ndoa ya mseto, kibali kinaombwa kwa askofu. Ila tusidanganyane, kwenye komunyo atakaa kwenye benchi awaangalie wenzake wakipanga mstari, hata ile 1999 Roma na Walutheri wamesaini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki (yaani mtu anavyokubaliwa na Mungu), meza bado ni mbili.

---

Ndo maana mi sina dhehebu, mi Mkristo tu. Mmezidi.

---

Mleta mada nimerudi. We Mkristo tu, isome 1 Wakorintho 1:12 taratibu, wapo wa Paulo, wa Apolo, wa Kefa, na waliokuwa wanasema wao ni wa Kristo nao Paulo kawaweka foleni hiyo hiyo. Wengi wanaokimbia madhehebu baada ya miaka 2 utawakuta na turubai, spika na mhuri wao.

Ndugu Mkatoliki, la meza nakubali, na halijaanza leo. Juni 1913 pale Kikuyu, Kenya, Waanglikana na Wapresbiteri na Wamethodisti na wengine walikaa wakapanga shirikisho, wakamaliza kwa kula chakula cha Bwana pamoja ndani ya kanisa la Wapresbiteri, anayeongoza ibada ni askofu Peel wa Mombasa. Weston wa Zanzibar, askofu Muanglikana mwenzake kabisa, kusikia hivyo akamshtaki Peel pamoja na askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury eti uzushi! Shirikisho halikusimama, wakabaki na muungano wa kazi za misheni, ambao ndo ulizaa shule ya Alliance 1926. Yaani meza iliwashinda, madarasa wakaweza. Na hii Biblia ya 1952 tunayotupiana mistari humu inaitwa ya Muungano kwa sababu kabla yake Unguja walikuwa na tafsiri yao na Mombasa yao, wakakaa chini wakaziunganisha. Kwa hiyo tukitaka tunaweza.

Sasa wewe wa maji baridi, hoja yako ndo inanisumbua kuliko zote, siibezi. Lakini mbona kipaimara hamkitaji? Dogo alisoma darasa la kipaimara, 2013 akasimama mbele ya usharika mzima akakiri imani kwa mdomo wake, hakubebwa na mtu. Kama kinachotakiwa ni mtu kuamini mwenyewe, mchungaji angeweza kumuuliza tu je bado unaamini, akijibu ndiyo yaishe. Au shida ni wingi wa maji? Hapo unijibu bila jazba.

Bibi harusi mwenyewe ashasema atazama. Mama anasema ukumbini atakuja ila kwenye maji asimuone mtu kumfuata. Kikao cha familia Jumamosi na mimi ndo katibu, leteni hoja matusi baki nayo.